Shemasi, Kasisi na Askofu: Jinsi Daraja Takatifu Zilivyofika kwa Watu Wetu

Ndugu zetu Wakristo wa Kinondoni, Temeke na mitaa yote ya kando ya mji, katika Jubilii hii twamshukuru Mungu kwa makanisa yaliyojengwa. Lakini nyumba ya mawe haijichungi yenyewe. Basi yafaa tukumbuke jinsi Mungu alivyowapa watu wake wachungaji, kwanza katika siku za Mitume, kisha katika nchi yetu.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 6, twasoma ya kwamba huduma ilizaliwa katika manung'uniko. Wajane wa wale Wayahudi waliosema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika kugawiwa chakula. Mitume waliwaambia watu wachague kati yao wenyewe wanaume 7 wenye sifa njema, nao wakawawekea mikono. Tena katika sura ya 14, Paulo na Barnaba waliporudi kwa njia ya Listra, Ikonio na Antiokia, waliweka wazee katika kila kanisa, ingawa makanisa yale yalikuwa machanga. Katika sura ya 20 Paulo awaita wazee wa Efeso waangalizi, na maana ya neno askofu katika Kiyunani ni hiyo hiyo. Vivyo hivyo shemasi maana yake ni mtumishi. Jina la cheo lilikuwa jina la kazi.

Na kwetu je? Mwaka 1864 Askofu Tozer alifika Unguja, na Sultani Majid akampa watoto 5 waliotolewa katika jahazi la watumwa. Mmoja wao ni John Swedi. Mwaka 1879 Askofu Steere alimwekea mikono kuwa shemasi. Mtoto aliyehesabiwa kuwa bidhaa akasimama kuhudumu madhabahuni. Mwaka 1890 Cecil Majaliwa, naye mtumwa aliyekombolewa, aliwekwa kuwa kasisi, akaendelea kuchunga watu wa Chitangali, huko kusini. Lakini tulingoja hata mwaka 1955, ndipo Yohana Omari alipowekwa kuwa Askofu Msaidizi wa Tanganyika ya Kati. Mwaka 1963 akafuata John Sepeku, ambaye mwaka 1965 alikuwa Askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Dar es Salaam, na mwaka 1970 Askofu Mkuu wa kwanza wa Tanzania.

Tukihesabu, tangu shemasi yule wa kwanza hata askofu wa kwanza ni miaka 76. Naye Paulo aliweka wazee katika safari ile ile moja. Hatusemi haya ili kuwalaumu waliotuletea Injili, kwa kuwa wengi wao walitoa uhai wao, na makaburi yao yako kwetu. Lakini katika miaka ile ya kungoja, kundi halikukosa mtu wa kulitunza. Walimu waliwafundisha wakatekumeni, waliongoza sala, waliwatazama wagonjwa, hata padre alipofika katika ziara yake.

Jambo hili latugusa hata leo. Mji wazidi kupanuka, na mara nyingi mtaa mpya huzaliwa kabla kasisi wake hajapatikana. Tukingoja mtu mkamilifu atoke mbali, wajane wetu watasahauliwa kama wale wa Yerusalemu. Tena tukigombea viti vya mbele, tumesahau ya kwamba cheo kilianzia penye kugawa chakula. Paulo amwandikiapo Timotheo, katika sura ya 3 ya waraka wa kwanza, hataki askofu awe mwenye mali wala ukoo mkubwa. Ataka mtu mpole, asiyependa fedha, aitunzaye vema nyumba yake.

Basi, ninyi wazazi na walimu wenzetu, mwangalieni kijana afagiaye kanisa bila kuambiwa, na binti amsomeaye mgonjwa Maandiko. Msingoje miaka 76 kumwita. Naye Bwana wa mavuno atupe macho ya kuwaona watumishi aliokwisha kuwaweka kati yetu.