Sikio la kifaru ni hifadhidata

Leo naweka programu kando kidogo.

Hapa kwetu Dundori, asubuhi isiyo na ukungu, ukitazama bondeni unaliona Ziwa Nakuru. Kandokando yake anaishi kifaru mweusi, mnyama aliyekaribia kututoka kabisa. Mwaka 1970 Kenya ilikuwa nao wapatao 20,000. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 walibaki chini ya 400. Pembe ndiyo iliyowaponza: iliuzwa Yemeni kutengenezea mipini ya majambia, na Asia ya mashariki kama dawa.

Mwaka 1987 mbuga ya Ziwa Nakuru ikafanywa hifadhi ya vifaru, ikazungushiwa ua wa umeme. Wakaletwa wengine, wakazaliana.

Kinachonivutia mimi mtu wa kompyuta ni masikio. Kifaru hukatwa vipengo sikioni. Kila mahali pa kipengo pana thamani yake; ukijumlisha unapata namba ya mnyama huyo peke yake. Si hifadhidata hiyo? Mlinzi mwenye darubini tu anajua nani yupo na nani haonekani.

Lakini namba pekee haziokoi. Mwaka 2018 vifaru 11 walihamishwa kutoka mbuga za Nairobi na Nakuru hadi Tsavo Mashariki. Wote walikufa, wengi kwa sababu ya maji ya chumvi. Wanyama walijulikana mmoja mmoja. Maji hayakuangaliwa vya kutosha.

Leo Kenya ina vifaru weusi kama 1,000. Tusilale basi. Ukifika Nakuru, tazama masikio kwanza.