Upasuaji wa kuvuja mkojo kwa wanawake

Kuvuja mkojo kwa msukumo ni hali ya mkojo kumtoka mwanamke bila hiari anapokohoa, kupiga chafya, kucheka au kunyanyua ndoo. Chanzo kikuu ni kulegea kwa misuli na tishu zinazoshikilia mrija wa mkojo, hasa baada ya kuzaa na umri unaposonga. Hali hii haiui, hivyo upasuaji wake ni wa hiari: mwanamke mwenyewe ndiye anayeamua iwapo afanyiwe, na kwa njia ipi.

Kabla ya upasuaji

Matibabu huanza na mazoezi ya misuli ya nyonga, yaliyoenezwa na daktari Arnold Kegel wa Marekani tangu 1948. Mwongozo wa Uingereza unataka yafanywe kwa miezi 3 au zaidi. Utafiti wa Uholanzi wa 2013 uliwagawa wanawake 460 kwa kura, wengine wakaanza na mazoezi na wengine na upasuaji. Karibu nusu ya walioanza na mazoezi waliomba upasuaji baadaye, lakini waliobaki waliepuka kisu.

Njia za upasuaji

Njia ya John Burch, iliyotangazwa 1961, huinua shingo ya kibofu kwa nyuzi zinazofungwa kwenye kano nyuma ya mfupa wa kinena. Njia nyingine hukata kipande cha utando mgumu wa misuli ya tumbo la mgonjwa mwenyewe, kikapitishwa chini ya mrija wa mkojo kama mbeleko. Zote mbili huacha kidonda cha tumboni na kuhitaji siku kadhaa hospitalini. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2007, wenye wanawake 655, ulionyesha kuwa baada ya miaka 2 mbeleko ya utando ilizuia kuvuja kwa msukumo kwa asilimia 66 ya waliofanyiwa, na njia ya Burch kwa asilimia 49. Faida hiyo ilikuwa na gharama, kwa kuwa wenye mbeleko walipata zaidi UTI na shida ya kukojoa.

Mwaka 1996 Ulf Ulmsten wa Uppsala, Sweden, alileta utepe wa wavu wa plastiki wenye upana wa sentimita 1 hivi. Huingizwa kupitia kidonda kidogo ukeni na kutokezea juu ya kinena, mara nyingi mgonjwa akirudi nyumbani siku hiyohiyo. Ulienea upesi duniani.

Pia kuna sindano za kunenepesha kuta za mrija wa mkojo. Ni nyepesi, ila nguvu yake hupungua na huenda zikarudiwa.

Wavu wasitishwa Uingereza

Utepe uliwasaidia wengi, lakini baadhi ya wanawake walibaki na maumivu makali, nyuzi zilizopenya ukutani mwa uke na tendo la ndoa lisilovumilika. Utepe huota ndani ya nyama, hivyo kuutoa wote ni kazi ngumu na pengine haiwezekani. Mwaka 2015 Kath Sansom, mmoja wa walioumizwa na utepe, alianzisha kampeni ya Sling the Mesh ya kuupinga. Julai 2018 serikali ya Uingereza ilisitisha matumizi ya wavu huo England isipokuwa kwa masharti makali. Ripoti ya tume ya Baroness Julia Cumberlege iliyochunguza madhara hayo, Julai 2020, ilieleza kwa uchungu unaostahili jinsi wagonjwa walivyopuuzwa, maumivu yao yakiitwa mambo ya kawaida ya wanawake.

Jinsi uchaguzi unavyofanywa

Mwongozo wa 2019 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unamtaka daktari aweke mezani mbeleko ya utando, njia ya Burch na utepe (pale masharti yaliyotajwa yanaporuhusu), pamoja na kijitabu cha kumsaidia mgonjwa kulinganisha. Daktari asiyefanya njia aliyoichagua mwanamke anapaswa kumpeleka kwa anayeifanya. Kipengele hiki ni muhimu mno, kwa sababu kwa miaka mingi mgonjwa alipewa kile ambacho mkono wa daktari wake ulikizoea. Mwongozo unapendekeza hata utepe wenye rangi inayoonekana wazi, ili daktari atakayelazimika kuutoa auone.

Mwanamke mwenye watoto wadogo au kibarua cha kutwa huvutwa na njia ya kupona haraka. Anayeogopa kitu cha kigeni mwilini hukubali kidonda kikubwa zaidi. Anayetarajia kuzaa tena, kwa kawaida hushauriwa kusubiri.

Afrika Mashariki

Baadhi ya wanawake wanaozibwa fistula ya uzazi (tundu kati ya kibofu na uke linalotokana na uzazi mgumu), tiba inayotolewa pia na hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam, huendelea kuvuja ingawa tundu limefungwa. Kwao wavu wa plastiki huepukwa, kwani kwenye kovu hupenya kwa urahisi, na tishu za mwili wao ndizo hutumika.