Macho ya Rubani Asiye na Injini

Otto Lilienthal wa Ujerumani, ambaye hukadiriwa kuwa aliruka kutoka vilimani zaidi ya mara 2,000, hakuwa na chombo hata kimoja mbele ya macho yake. Alining'inia katikati ya mabawa, na usukani wake ulikuwa mwili wake mwenyewe: alirusha miguu huku na huku, na mabawa yakafuata uzito. Tarehe 9 Agosti 1896 mabawa hayakufuata. Alianguka, akafa siku ya pili yake.

Ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright, waliona kuwa uzito wa mtu hautoshi kuitawala ndege. Katika ndege yao ya mwaka 1902 rubani alilala kifudifudi. Kwa mikono aliongoza bawa dogo la mbele, na kwa kusogeza nyonga alivuta nyaya zilizopinda mabawa na kugeuza usukani wa nyuma. Fimbo na pedali za leo ni wajukuu wa nyaya hizo.

Lakini kuongoza ni jambo moja, na kujua hewa inafanya nini ni jambo jingine. Mashindano ya ndege zisizo na injini yalipoanza mwaka 1920 katika mlima Wasserkuppe, Ujerumani, marubani walitegemea upepo uliopanda mteremko. Ardhi ilikuwa karibu, macho yalitosha. Kwa njia hiyo Arthur Martens alikaa angani zaidi ya saa moja mwaka 1922. Aliyethubutu kuuacha mteremko, hata hivyo, aliingia katika hewa isiyo na alama, na hapo mwili humdanganya mtu. Apandaye lifti huhisi inapoanza na inaposimama. Katikati hahisi kitu. Rubani naye huweza kuzama polepole huku akidhani anapanda.

Dawa ilitoka kwa watu wa maputo, waliokuwa na variometa. Alexander Lippisch alimshauri Robert Kronfeld, kijana wa Austria, aichukue chombo hicho katika ndege yake. Ufundi wake ni mwepisi wa kustaajabisha. Chupa yenye kuta mbili, kama ile ya kutunzia chai moto, huunganishwa na hewa ya nje kwa mrija mwembamba. Ndege ikipanda, kani ya hewa ya nje hupungua, na hewa ya chupani hutoka. Ikishuka, hewa huingia. Mshale hupima mwendo wa hewa hiyo mrijani. Husimuliwa kuwa Kronfeld aliificha variometa yake, wapinzani wasijue. Mwaka 1929 alipita kilomita 100, jambo ambalo hakuna aliyelifanya kabla yake katika ndege ya aina hiyo.

Kipimo cha mwendo na cha kimo havina kisa kirefu. Breki za hewa, zilizoenea katika miaka ya 1930, zilimwezesha rubani kushuka kwa hiari yake, hata atokapo mawinguni. Baadaye vishikio vilipewa rangi: manjano kwa kuachia kamba ya kuvutwa, buluu kwa breki, kijani kwa trimu, nyekundu kwa kutupa kifuniko wakati wa hatari.

Na juu ya kioo, mbele ya variometa za umeme za siku hizi, bado hubandikwa kipande cha uzi wa sufi. Uzi ukilala upande, ndege inakwenda mshazari. Ukinyooka katikati, inakwenda sawa. Ndugu Wright nao waliutumia.