SULUBU: MGONGO, MSALABA NA MWENYE NYUNDO

Leo tukae na neno moja tu.

Hapa Makupa ukimwona hamali anasukuma mkokoteni wa magunia jua la saa saba, utasema, "Hiyo ni kazi ya sulubu." Hutafikiria kanisa. Jumapili utaimba kwamba Yesu alisulubiwa, na hutafikiria mkokoteni. Lakini maneno hayo ni ya ukoo mmoja. Yametoka kwenye herufi tatu za Kiarabu: swadi, lamu, ba. Humo mna ugumu, mna uti wa mgongo, na mna msalaba. Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 kuhubiri Injili, majirani zetu Waislamu walikuwa wakilisoma zamani katika Kurani, pale Firauni anapowatishia wachawi wake kuwasulubu.

Kilatini nacho ni vivyo hivyo. Msalaba ni crux, na kutesa mtu ni cruciare. Warumi waliuweka kwa watumwa na waasi. Raia wa Roma kwa kawaida hakuguswa nao. Mwaka 71 kabla ya Kristo, baada ya Spartacus kushindwa, watumwa 6,000 walitundikwa kando ya barabara ya Appia, kutoka Capua mpaka Roma, ili kila mpita njia aone na aogope. (Na sisi tusijione mbali. Fort Jesus, ngome ya Wareno yenye jina la Mwokozi wetu, ilikuwa gereza la serikali ya mkoloni tangu 1895 hadi 1958. Jina la Yesu mlangoni, minyororo ndani.)

Sasa tazama mkia wa neno: kusulubi-SHA. Ni kama kulisha, kuangusha, kuliza. Kiswahili hakikubali lifanyike peke yake. Lazima awepo anayefanya.

Hapo ndipo ninapotaka unisikie, hasa mama uliye kwenye ndoa ya kipigo. Umeambiwa, pengine na mtumishi wa Mungu kama mimi, "Huo ni msalaba wako, ubebe." Soma Luka 9:23. Yesu anasema na mtu anayetaka kumfuata, anayejikana mwenyewe kwa hiari. Soma Yohana 10:18: uhai wake hakuna aliyemnyang'anya, aliutoa mwenyewe. Wewe ngumi hukuitoa. Umenyang'anywa.

Tena hata kwa Yesu, aliyekubali kufa, Petro hakuwaachilia wenye nyundo. Matendo 2:23, tena 2:36, anawaambia uso kwa uso: ninyi ndio mliomsulubisha. Hakumgeukia Mariamu kumwambia avumilie. Aliwageukia waliofanya, wakachomwa mioyo, wakauliza wafanye nini, naye akawaambia watubu.

Basi baba unayepiga, usijifiche nyuma ya msalaba wa mkeo. Katika habari hii wewe umeshika nyundo. Njoo tuongee, mlango wangu uko wazi.

Na wewe mama, Kenya ina sheria ya kukukinga na jeuri ya nyumbani tangu 2015, na mahakama inaweza kumzuia mtu asikukaribie. Kwenda huko si kukosa imani; Paulo naye alidai haki yake ya uraia walipotaka kumchapa viboko, Matendo 22:25. Usiku ukizidiwa, piga 1195. Ni bure.