Askofu aliyekubali kusikiliza (Sehemu ya 4)

Niliahidi kuzungumzia mtoto wa kanisani anayejigundua kuwa ni shoga. (Nasema shoga wa magazetini, siyo shoga yako wa kusukana nywele.) Najua wengine mshakunja uso. Someni kwanza, tutagombana baadaye.

Kanisa kwetu siyo Jumapili tu. Hapa Songea jumuiya ndiyo inakuja ukijifungua, ndiyo inachanga ukilazwa, ndiyo inabeba jeneza. Ukitolewa humo, nani atakuzika?

Majirani zetu Uganda waliliona hili kwa macho. Christopher Senyonjo alikuwa askofu wa Anglikana, Dayosisi ya West Buganda, kuanzia 1974 hadi alipostaafu 1998. Akafungua ofisi ya ushauri nasaha Kampala. Mwaka 2001 wakaanza kumjia vijana mashoga. Hawa walikuwa waumini, hawakuja kuuliza namna ya kuacha kanisa. Kilichowatesa ni kuambiwa hawana nafasi mbele ya Mungu.

Mzee akawaambia Mungu anawapenda hivyo walivyo. Wakubwa wake wakataka awakemee, akakataa. Wakamzuia kutoa huduma, na mafao ya uzeeni akayakosa. Mzee wa miaka kama 70, jamani!

Oktoba 2010 gazeti moja la Kampala likachapa majina na picha za watu liliowaita mashoga, na maneno ya kutaka wanyongwe. Mmoja wao alikuwa David Kato, mwalimu na mtetezi wa wenzake. Walikwenda mahakamani, Januari 2011 wakashinda. Tarehe 26 mwezi huohuo Kato akauawa kwa nyundo nyumbani kwake, Mukono. Baadaye mtu mmoja alifungwa miaka 30.

Mazishi ndiyo hayanitoki. Mchungaji aligeuza ibada kuwa mahubiri ya kuwalaani mashoga, na mama mzazi wa marehemu yupo palepale. Wanakijiji wakagoma kuzika. Marafiki zake wakabeba jeneza wenyewe, na aliyemwombea kaburini ni Senyonjo, yuleyule aliyezuiwa.

Sibishani na msimamo wa dhehebu lako. Mimi naongea ya wodini. Shirika la Afya Duniani liliuondoa ushoga kwenye orodha ya magonjwa mwaka 1990, kwa hiyo usinitafute kwa sindano ya kumbadilisha mwanao, sina. Ninaowaona ni watoto waliokosa pa kusemea. Wengine wanaletwa usiku, wamemeza vidonge. Akikuambia, zima jiko, kaa chini, msikilize. Usimpige. Usimburuze kwa waombezi wakati bado anatetemeka.

Senyonjo aliendelea kuwapokea hapohapo Kampala, na 2016 akatoa kitabu cha maisha yake. Sehemu ya 5 nitamjibu mama aliyeniuliza amwambie nini mume wake. Wenye maswali njooni inboksi, majina ya watu siyatoi.