Cygnus A: Galaksi inayovuma kwenye redio kutoka mbali

Ukizungusha kitufe cha redio kutoka stesheni moja kwenda nyingine, katikati husikii mtu. Husikia "shhhh" tu. Wasikilizaji wengi hutuuliza sauti ile inatoka wapi. Sehemu kubwa hutoka kwenye redio yenyewe, nyaya za umeme, injini za pikipiki na radi za mbali. Lakini sehemu ndogo ya mvumo huo haitoki duniani. Inatoka angani.

Leo tunakueleza kuhusu mojawapo ya vitu vinavyovuma kwa nguvu zaidi huko angani. Kinaitwa Cygnus A, na ni galaksi ya redio.

Galaksi ni nini?

Galaksi ni mkusanyiko mkubwa mno wa nyota, gesi na vumbi. Sisi, pamoja na Jua letu, tumo ndani ya galaksi iitwayo Njia Nyeupe. Ule ukanda mweupe unaokatiza anga usiku wa giza, kama moshi mwembamba, ndiyo sehemu yake tunayoiona tukiwa ndani. Kutoka ukingo mmoja hadi mwingine ina upana wa takriban miaka 100,000 ya mwanga.

Mwaka wa mwanga ni umbali, si muda. Mwanga hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Umbali unaokwenda kwa mwaka mzima ndio mwaka mmoja wa mwanga.

Mawimbi ya redio ni ndugu wa mwanga. Yanakwenda kwa kasi ileile, ila macho yetu hayawezi kuyaona. Galaksi zote hutoa mawimbi hayo kidogo. Chache huyatoa kwa wingi kupita kiasi, na hizo ndizo huitwa galaksi za redio. Cygnus A hutoa mawimbi ya redio mara mamilioni kuliko galaksi ya kawaida kama yetu.

Ilivyogunduliwa

Hadithi inaanzia kwa mhandisi Karl Jansky wa Marekani. Kampuni ya simu ilimpa kazi ya kutafuta chanzo cha mikwaruzo iliyokuwa ikisumbua simu za redio zinazovuka bahari ya Atlantiki. Alipata radi za karibu, radi za mbali, na mvumo wa tatu ambao hakuufahamu. Mwaka 1933 alitangaza kwamba mvumo huo unatoka kwenye Njia Nyeupe.

Aliyemfuata ni Grote Reber, naye Mmarekani, fundi na mpenzi wa redio. Mwaka 1937 alijenga dishi lenye upana wa zaidi ya mita 9 kwenye uwanja wa nyumba yake mjini Wheaton, jimbo la Illinois. Ramani yake iliyotoka mwaka 1944 ilionyesha mvumo mkali upande wa kundi la nyota liitwalo Cygnus, yaani Bata Maji.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, watafiti wa Uingereza wakiongozwa na James Hey walitumia mitambo ya rada ya jeshi. Mwaka 1946 walieleza kuwa mvumo wa Cygnus hupanda na kushuka, dalili kwamba unatoka mahali padogo. Huko Australia, John Bolton na Gordon Stanley walitega antena juu ya jabali la pwani karibu na Sydney, wakathibitisha kwamba mahali hapo ni padogo kweli.

Lakini ni kitu gani? Mwaka 1951 Graham Smith wa Cambridge alipima mahali penyewe kwa usahihi. Walter Baade na Rudolph Minkowski wakaelekeza huko darubini ya Palomar, California, yenye kioo cha mita 5, iliyokuwa kubwa kuliko zote wakati huo. Walikuta galaksi hafifu, iliyo mbali sana. Matokeo yao yalitoka mwaka 1954.

Wanasayansi walishangaa. Kitu kinachosikika kwa nguvu kama hiyo kilidhaniwa kiko jirani. Kumbe kiko umbali ambao mawimbi yake husafiri zaidi ya miaka milioni 700 kabla ya kutufikia. Mawimbi tunayoyapokea leo yalianza safari kabla hakujawa na mnyama hata mmoja anayetembea nchi kavu hapa duniani.

Studio, linki na mlingoti

Jambo la kushangaza zaidi ni hili: sehemu kubwa ya mvumo haitoki kwenye nyota za galaksi hiyo. Mwaka 1953 Roger Jennison na Mrinal Kumar Das Gupta, wakiwa kituo cha Jodrell Bank nchini Uingereza, waligundua kwamba mawimbi yanatoka sehemu mbili, moja kila upande. Galaksi yenyewe iko katikati.

Ili uelewe, fikiria stesheni ya redio. Mtangazaji yuko studio, chumba kidogo mjini. Sauti yake hupelekwa kwa linki hadi kwenye mlingoti ulio juu ya mlima. Mawimbi unayoyanasa nyumbani yanatoka kwenye mlingoti, si kwenye chumba cha studio. Ukikata linki, mlingoti hauna cha kurusha.

Cygnus A nayo ina sehemu zake, ila yenyewe ina "milingoti" miwili:

Kiini (studio). Katikati ya galaksi kuna shimo jeusi, kitu kizito ambacho mvuto wake hauachii hata mwanga. Uzito wake ni takriban mara bilioni 2.5 ya Jua. Shimo jeusi la galaksi yetu ni takriban mara milioni 4 tu. Gesi inayolizunguka lile la Cygnus A hupata joto kali na kuzunguka kwa kasi kubwa kabla ya kumezwa.

Mikondo (linki). Si gesi yote inayomezwa. Sehemu yake hurushwa nje kwa mikondo miwili myembamba, kila mmoja ukielekea upande wake, kwa kasi inayokaribia ya mwanga. Picha iliyotolewa mwaka 1984 kutoka darubini ya redio ya VLA, jimbo la New Mexico, Marekani, ilionyesha mkondo mmoja kama uzi mwembamba ulionyooka kutoka kiini hadi mwisho.

Madoa ya moto. Kati ya galaksi na galaksi kuna gesi nyembamba yenye joto kali. Mkondo ukiigonga, hufanya kama maji ya mpira yanayopiga ukuta: kasi hukatika na nguvu hutawanyika. Pale panapogongwa hung'aa sana kwenye redio.

Mabawa (milingoti). Baada ya kugonga, chembe hurudi nyuma na kujaza mawingu mawili makubwa. Haya ndiyo hutupa mawimbi mengi tunayoyanasa. Kutoka ncha ya bawa moja hadi ncha ya lingine ni zaidi ya miaka 400,000 ya mwanga, takriban mara nne ya upana wa galaksi yetu yote.

Ndani ya mabawa hayo kuna chembe ndogo ziitwazo elektroni, zinazokwenda karibu na kasi ya mwanga. Nguvu ya sumaku huzilazimisha kuzunguka badala ya kwenda moja kwa moja, na kila zinapopindishwa hutoa mawimbi ya redio. Kwa hiyo ni redio isiyohitaji nyota wala moto.

Darubini ya Chandra, inayopima miale ya eksirei ikiwa angani tangu 1999, imeonyesha kwamba mabawa yamesukuma ile gesi ya moto na kuacha mapango makubwa. Hivyo kiini kidogo katikati kinabadilisha hali ya mambo hata nje kabisa ya galaksi yake.

Je, kuna watu wanaotuma ujumbe?

Hapana. Neno "redio" hapa lina maana ya aina ya mawimbi tu. Hakuna sauti, muziki wala habari ndani yake. Ukiyageuza kuwa sauti utasikia "shhhh". Wala mvumo huo hauna madhara kwako, kwa sababu ukifika hapa ni hafifu kupita kiasi.

Habari mpya nayo ipo. Katika picha mpya za VLA zilizotangazwa mwaka 2017, wanasayansi waliona nukta inayong'aa takriban miaka 1,500 ya mwanga kutoka kiini. Picha za mwaka 1996 hazikuwa nayo. Huenda ni nyota iliyolipuka, au shimo jeusi la pili lililoanza kula gesi.

Linatuhusu nini sisi?

Linatuhusu kwa sababu mawimbi ni mali ya wote, na hayatoshi. Vituo kama chetu, simu yako, rada za ndege na darubini za redio vyote vinagombea anga lilelile. Simu moja ya mkononi ikiwashwa juu ya Mwezi, darubini hizi zingeiona kuwa mojawapo ya vyanzo vikali vya redio angani. Ndiyo maana masafa kati ya megahezi 1400 na 1427 yametengwa kimataifa, na hakuna stesheni inayoruhusiwa kurusha humo.

Nchini Afrika Kusini, katika nyika kame ya Karoo, kuna MeerKAT, darubini ya madishi 64 iliyozinduliwa mwaka 2018. Mwaka 2021 watafiti walitangaza galaksi mbili za redio walizoziona kwa darubini hiyo, kila moja ikiwa ndefu mara kadhaa kuliko Cygnus A. Eneo hilo sasa linapanuliwa kwa mradi mkubwa wa SKA, na Kenya ni miongoni mwa nchi washirika wa Afrika.

Lakini ukimya huo una gharama. Sheria ya mwaka 2007 inaruhusu serikali kuzuia mawimbi katika eneo hilo. Matumizi ya simu na mitambo ya kurushia matangazo yamewekewa mipaka, baadhi ya mashamba yamenunuliwa kupisha mradi, na wafugaji wamelalamika. Mtu wa kijijini anayejua maana ya kukosa mtandao wakati mgonjwa yuko ndani ataelewa mara moja. Sayansi hii ina faida, ila wanaoombwa kunyamaza wanastahili kupewa njia nyingine ya kuwasiliana.

Iangalie mwenyewe

Huwezi kuiona Cygnus A kwa macho, lakini unaweza kujua ilipo. Mwezi Septemba, kati ya saa mbili na saa tatu usiku, geukia kaskazini. Karibu nusu ya njia kati ya upeo wa macho na utosi utaona nyota zilizojipanga kama msalaba. Hilo ndilo kundi la Bata Maji. Tafuta nyota ya katikati ya msalaba, nyoosha mkono, kisha pima vidole vitatu kwenda kushoto. Ipo hapo.

Kwa ufupi
- Jina: Cygnus A
- Aina: galaksi ya redio
- Safari ya mawimbi yake hadi kwetu: zaidi ya miaka milioni 700
- Urefu, ncha hadi ncha: zaidi ya miaka 400,000 ya mwanga
- Shimo jeusi: takriban mara bilioni 2.5 ya uzito wa Jua
- Yalikotambuliwa mabawa mawili: Jodrell Bank, Uingereza, 1953