Siku Mto Ulipopita Kwenye Reli

Jumapili ya tarehe 30 Mei 1948, jua lilikuwa limewaka vizuri katika mji wa Vanport, jimbo la Oregon, Marekani. Ilikuwa wikendi ya kuwakumbuka wanajeshi waliokufa vitani, kwa hivyo wengi hata hawakuwa nyumbani. Baada ya saa kumi jioni, tuta la reli lililokuwa upande wa magharibi wa mji likapasuka. Kufikia usiku mji ulikuwa umejaa maji, na haukujengwa tena.

Nilikutana na Vanport kazini. Nilipoacha chuo nilianza kuandika mtandaoni kwa malipo ya kila ukurasa, na mteja mmoja akataka kurasa sita kuhusu mafuriko ya mto Columbia. Nilitarajia habari za mvua na theluji. Zilikuwepo, lakini kilichonikosesha usingizi ni kikaratasi kilichopitishwa chini ya milango ya watu asubuhi ya siku hiyo. Nitafika hapo.

Kwanza hali ya hewa, maana ndiyo hulaumiwa kila mara. Sisi tuna masika na vuli. Wao, baada ya baridi kali, huwa na majira ya kuchipua, miezi ambayo anga haina msimamo: leo jua, kesho baridi, keshokutwa mvua. Kwenye nchi ya milima, miezi hiyo ndiyo huamua mto utakuwaje. Theluji yote iliyoanguka tangu Novemba imekaa juu kama akiba. Joto likija polepole, inayeyuka kidogo kidogo na mto unaibeba. Mwaka 1948 baridi ilikawia, theluji ikabaki milimani hadi Mei. Halafu joto likaja kwa ghafla, na juu yake mvua kubwa.

Columbia huanzia milima ya Rockies, Canada, na kutembea karibu kilomita 2,000 hadi bahari ya Pasifiki. Njiani hupokea Snake na mito mingine kutoka milima mingine. Mwaka huo maji ya kote yalishuka kwa pamoja. Ndiyo maana anga ya Vanport haikuwa na la kumwambia mtu. Ukiishi bondeni unaweza kuanika nguo zako juani huku maji yatakayozibeba yako njiani, siku kadhaa nyuma.

Sasa, watu walifikaje huko chini? Mwaka 1942 tajiri wa kuunda meli, Henry Kaiser, alihitaji wafanyakazi wa vita, na Portland haikuwa na nyumba za kutosha. Akajenga mji mzima kwa miezi michache tu, nyumba za mbao zisizo na misingi ya maana, kwenye ardhi ya chini kando ya mto, ikiwa imezungushiwa matuta. Wakati mmoja watu kama 40,000 waliishi hapo, mji wa pili kwa ukubwa Oregon. Kati yao walikuwemo Waamerika Weusi wengi kutoka kusini. Oregon ni jimbo ambalo katiba yake ya 1857 iliwakataza watu Weusi kuhamia humo, na kifungu hicho hakikuondolewa hadi 1926. Vita vilipoisha, waliokuwa na pa kwenda wakaenda. Familia za watu Weusi hazikuwa na uhuru huo, kwa sababu mawakala wa nyumba wa Portland waliwafungia karibu mitaa yote. Kwa hivyo mwaka 1948, kati ya watu kama 18,500 waliobaki Vanport, karibu thuluthi moja walikuwa Weusi. Wengine wengi walikuwa wanajeshi waliorudi vitani na familia zao.

Tuta la magharibi lilikuwa udongo uliomwagwa ili treni ipite. Halikujengwa kuzuia mto. Kwa siku kadhaa maji yalilisukuma.

Asubuhi ile ya Jumapili, mamlaka ya nyumba ya Portland ikasambaza kikaratasi. Kwa ufupi kilisema matuta ni salama kwa sasa, mtaonywa ikilazimika, mtapata muda wa kuondoka, msiwe na wasiwasi. Mamlaka yenyewe ilikuwa imeshahamisha faili na vifaa vyake. Soma sentensi hiyo mara mbili. Faili zilipata onyo kabla ya watoto.

Tuta lilipopasuka, vinamasi vilivyokuwa katikati viliyapokea maji ya kwanza na kuwapa watu kama nusu saa. Hiyo nusu saa, pamoja na wale waliokuwa matembezini, ndiyo sababu waliokufa walikuwa 15 na si mamia. Nyumba zilielea na kugongana kama maboksi. Manusura walienda kortini kudai serikali iwajibike, wakashindwa. Chuo kidogo kilichoanzishwa hapo mwaka 1946 kwa ajili ya wanajeshi waliorudi kilihama na kuendelea, na leo ni Chuo Kikuu cha Portland State. Mwaka 1961 Marekani na Canada zikatia saini mkataba wa kujenga mabwawa ya kuzuia maji ya theluji huko juu. Mabwawa hayo nayo yakazamisha mabonde ya watu wengine, upande wa Canada.

Mbona nawaletea habari za Oregon? Kwa sababu ya Mai Mahiu.

Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, masika yakiwa yamechacha, maji yalishuka kutoka upande wa Kijabe, kwenye ukuta wa Bonde la Ufa, yakapiga kijiji cha Kamuchiri watu wakiwa wamelala. Zaidi ya watu 45 walikufa. Habari za kwanza zilisema bwawa limevunjika. Baadaye Wizara ya Maji ikaeleza kwamba njia ya maji iliyopita chini ya reli iliziba kwa takataka na udongo, maji yakajikusanya nyuma ya tuta la reli, kisha tuta likaachia. Tuta la reli, tena. Udongo uliowekwa kwa ajili ya treni, ukageuka bwawa ambalo hakuna aliyelipanga.

Sisemi Mai Mahiu ni Vanport. Kule kulikuwa mchana, huku usiku. Kule ilikuwa theluji ya miezi, huku mvua ya saa chache. Kule mto ulijulikana kuwa umefura, na watu wakaambiwa watulie. Huku hata kikaratasi cha kudanganya hakikuwepo. Lakini mahali pote pawili ilisemekana ni hali ya hewa, na mahali pote pawili watu wa chini walitegemea jicho la mtu mwingine aliye juu.

Masika hayo yaliua karibu watu 300 nchini. Wiki chache baadaye matingatinga yalikuwa Mathare yakibomoa nyumba za ukingoni mwa mto. Onyo likaja kwa sura ya tingatinga, na waliobomolewa wakaulizwa kwa nini walijenga pale, kama vile Nairobi iliwahi kuwapa orodha ya mitaa wachague.

Mvua itageuka kila mwaka, hiyo ni kazi yake. Kuna kazi nyingine ambayo si ya mvua. Kabla ya Machi, mtu anayelipwa mshahara atembee kwenye kila tuta la reli na barabara linalokatiza mkondo wa maji, aangalie kama njia ya chini imeziba. Kuwe na mtu anayejua idadi ya milango iliyo chini ya tuta hilo. Na akiona maji yanajikusanya, awe na namba ya kupiga, na anayepokea simu awe na ruhusa ya kuamsha kijiji saa tisa usiku bila kusubiri barua kutoka makao makuu.